Dadangu, hizo saa za kufua hazijapotea

Dadangu wa Nakuru, swali lako nimelisoma na kulirudia. Unasema una diploma lakini kazi uliyosomea hujaipata, kwa hivyo kwa sasa wewe ni mamafua, unafulia watu nguo nyumba kwa nyumba huko Milimani na Section 58. Unasali alfajiri, unasali usiku, na Mungu unamsikia karibu ukienda hija kwenye madhabahu ya Bikira Maria kule Subukia. Saa zote za katikati, ukiwa umeinamia karai, unaona zimepotea. Ukauliza kama si afadhali uingie utawani umtumikie Mungu kweli kweli. Mwishoni ukataja, kana kwamba ni jambo dogo, mwajiri aliyekukata nusu ya malipo na kukwambia hiyo nusu umtolee Mungu.

Waliotangulia kukujibu wamegawanyika. Wengine wanasema vumilia, Mungu ana mpango wake. Wengine wanasema tafuta kazi ya maana. Mimi ni dobi katika hospitali moja hapa Kisumu, na naona pande zote mbili zimekubaliana jambo moja bila kujua: kwamba kazi yako yenyewe ni tupu, ni ya kupitia tu. Imani yetu ya Kikatoliki haisemi hivyo hata kidogo.

Nianze na ninachokijua kwa mikono. Shuka za wodi ya uzazi hutufikia asubuhi zikiwa zimefungwa mafundo makubwa. Unavaa glavu, aproni na buti za mpira, unafungua fundo moja moja, unakagua polepole maana sindano huweza kusahaulika ndani. Zenye damu unazitenga na kuziloweka kwenye maji baridi. Ukianza na maji ya moto umeharibu, damu inashika kwenye uzi na haitoki tena. Zikishaachia ndipo zinapelekwa kwenye dawa na maji ya moto, kisha kusuuzwa, kukamuliwa na kuanikwa, na msimu wa mvua kubwa huo wa kuanika ni mtihani peke yake. Yule mama aliyejifungua usiku simjui jina. Atakayelalia shuka ile kesho pia simjui. Lakini nikiifanya ovyo, kuna mtu mwenye kidonda kibichi atakayelipa.

Jumamosi nikiwa zamu parokiani, mimi na akina mama wenzangu tunafua vitambaa vya altare. Vile vidogo vinavyofutia kalisi, kile kikombe cha divai ya Misa, vina utaratibu wake. Vinaloweshwa kwanza peke yake, na maji yale ya kwanza hayamwagwi kwenye mtaro wa maji machafu. Yanamwagwa ardhini pahali panapofaa, au kwenye sinki maalumu ya sakristia, chumba cha kuandalia vitu vya Misa, inayoyapeleka moja kwa moja udongoni, kwa heshima ya Damu ya Kristo. Mikono inayofanya hivyo ni hii hii ya kule wodini. Sisemi shuka ya hospitali ni kitambaa cha altare; Sakramenti ni Sakramenti. Ila Yule tunayemheshimu kwenye kalisi ndiye aliyesema, katika Mathayo 25, kwamba alikuwa mgonjwa na alikuwa uchi, na kwamba lolote alilofanyiwa mdogo kabisa amefanyiwa Yeye. Nikimwamini hapa, sina budi kumwamini na pale.

Jumapili ukiwa kanisa la Kristo Mfalme, au popote unaposali, sikiliza maneno ya padri anapoinua mkate wakati wa kutolea vipaji, yaani mkate na divai. Anamshukuru Mungu kwa kitu kilichotoka ardhini na kwenye kazi ya mikono ya watu. Yesu angeweza kuchagua masuke ya ngano na vichala vya zabibu jinsi vilivyo. Akachagua mkate na divai, vitu visivyokuwepo mpaka mtu asage, akande, aoke, akamue, asubiri. Kwa hivyo kazi ya mtu imeingia ndani kabisa ya Misa. Ile wiki yako ya kuinamia karai ndiyo unayokwenda kuitoa pale. Ukifika ukidhani huna kitu mkononi ila sadaka ya shilingi kadhaa, umeacha nje ya mlango kilicho kikubwa zaidi.

Sasa huo utawa. Wito wa utawa ni mzuri na sitakukatisha tamaa, lakini usiende kule kukimbia karai, kwa sababu utalikuta. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu aliishi katika monasteri ya Lisieux, Ufaransa, akafa mwaka 1897 akiwa na miaka 24. Ameandika mwenyewe jinsi walivyokuwa wakifua leso, na sista aliyekuwa mbele yake akawa anamrushia maji machafu usoni kila anapopiga nguo. Alitamani kurudi nyuma ajifute uso, yule mwenzake aone anachofanya. Akabaki pale pale, akaendelea kufua bila kununa. Ni jambo dogo, karibu si la kusimulia. Na ndiye huyo ambaye Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa, heshima ya watakatifu wachache ambao mafundisho yao yanaongoza Kanisa zima, mwaka 1997. Karibu nasi zaidi kuna Mtakatifu Yosefina Bakhita, binti wa Sudan aliyetekwa na kuuzwa utumwani. Alipokuwa huru na kuingia utawani Italia, alipewa jikoni, akashona, akawa mlinzi wa mlango pale Schio. Hakupewa kazi nyingine kubwa ili awe mtakatifu. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2000.

Na Bwana mwenyewe alikaa Nazareti hadi alipofikia umri wa kama miaka thelathini. Watu wa kwao walipotaka kumdharau walisema, huyu si yule seremala? Mtakatifu Yosefu hana hata neno moja lililonukuliwa katika Injili. Tunachoambiwa ni alichofanya, na mwaka 1955 Papa Pius XII akaifanya tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Yosefu Mfanyakazi, siku ile ile ambayo sisi Kenya tunapumzika kwa Leba Dei.

Utaniuliza, basi nifanyeje kesho nikifika kwa watu? Kwangu mimi ni machache. Kabla ya kugusa maji, fanya ishara ya msalaba na umtolee Mungu siku hiyo kwa maneno yako, hata sentensi moja. Halafu fua vizuri. Nasisitiza hapo, maana nimeona watu wanaosali Rozari nzima huku kola zinabaki na povu. Sala haizibi pengo la kazi mbaya. Kusuuza mara ya tatu pale ambapo hakuna anayekutazama, hiyo nayo ni sala, na pengine ni safi kuliko zile za mdomo kwa sababu haina shahidi.

Kisha waombee wenye nguo. Wewe una kitu ambacho mimi hospitalini sina: unawajua. Unaijua sweta ya shule iliyochanika kiwiko kile kile kila wiki, unajua nyumba ambayo mashati ya baba yameacha kuonekana kwenye kapu. Usiyatangaze hayo kwa jirani. Yabebe kwa Mungu, pale pale ukikamua. Saa sita mchana simama kidogo usali sala ya Malaika wa Bwana. Ni fupi, na inakukumbusha kwamba Neno alifanyika mwili katika nyumba ya kawaida. Kuna siku hutasikia chochote, mgongo utauma na moyo utakuwa mkavu. Siku hiyo toa ukavu wenyewe. Mungu hakusema tumletee hisia.

Sasa huyo mwajiri, na hapa nasema kwa uchungu. Kumtolea Mungu mateso ni jambo la anayeteseka na Mungu wake. Anayeyasababisha hana ruhusa ya kukuagiza. Watu hupenda kutunukulia Wakolosai 3:23, kwamba lolote tufanyalo tulifanye kwa moyo kama kwa Bwana. Waambie wageuze ukurasa. Sura ya 4 inaanza kwa kuwaamuru mabwana wawape watumishi wao yaliyo haki, wakijua kwamba nao wana Bwana mbinguni. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele. Papa Leo XIII alitetea ujira wa haki katika waraka wake Rerum Novarum mwaka 1891, na mwaka 1981 Yohane Paulo II akaandika waraka kuhusu kazi, Laborem Exercens. Huyu wa pili hakuwa akisoma kazi vitabuni: wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa kibarua kwenye machimbo ya mawe na kiwandani, Kraków. Anafundisha humo kwamba heshima ya kazi inatoka kwanza kwa mtu anayeifanya, wala si aina ya kazi. Ndiyo sababu kukudhulumu wewe kwenye karai si dhambi ndogo kuliko kumdhulumu meneja ofisini.

Kwa hivyo nenda ukadai nusu yako. Nenda mchana, kwa adabu, ukiwa umeandika siku uliyofua na kiasi mlichokubaliana, na ukiona vigumu omba mama mmoja wa jumuiya yenu akusindikize. Kuanzia sasa patana bei kabla ya kuloweka nguo. Na endelea kutuma maombi ya kazi uliyosomea. Kutafuta kazi nyingine si kuidharau hii, na Mungu aliyekupa mikono alikupa pia hicho kichwa kilichopita mtihani.

Kuhusu utawa, zungumza na paroko wako, na uombe akuunganishe na masista wanaopokea wasichana kwa siku za kuja na kuona. Jipe muda. Kama hamu hiyo itakuwepo hata wiki ambayo umelipwa vizuri na mgongo hauumi, ichukulie kwa uzito. Ukishaongea na huyo mwajiri, rudi hapa utuambie amejibu nini.