Fundi ametoa themostati kwenye IST ya binti yangu, niirudishe?

SWALI: Nimemnunulia binti yangu Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya cc 1300. Anaanza kazi Dar es Salaam na leseni yake ina miezi minne tu. Fundi aliyeikagua anasema themostati ilishatolewa zamani na rejeta ina maji ya bomba, ila kwa joto letu eti haina shida. Ni kweli? Na kwa pesa kidogo nianze na lipi?

JIBU: Mama, irudishe, na uanze na hiyo kabla hata ya kufikiria muziki au rimu. Kazi ya themostati si kuzuia baridi ya Ulaya. Inafunga maji mpaka injini ifike kama nyuzi 82, ndipo inafungua. Ikitolewa, injini haipati joto lake, kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa na inaongeza petroli. Gari linakunywa mafuta, plagi zinashika masizi. Mara nyingi hutolewa ili kuficha gari linalochemsha, kwa hiyo uliza kwanza lilikuwa na tatizo gani.

Maji ya bomba nayo yanaleta kutu na magadi ndani ya rejeta. Kazi ifanyike injini ikiwa ya baridi kabisa. Fundi afungue koki ya chini ya rejeta, amwage, ajaze maji safi, awashe kidogo, amwage tena mpaka yatoke meupe. Afunge themostati mpya na mpira wake mpya, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikiangalia juu ili hewa ipite. Kisha kulanti (dawa ya kupozea injini), nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, au iliyokwisha kuchanganywa. Galoni ya lita 5 inatosha. Injini iungurume mfuniko ukiwa wazi mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, huku akiongeza kinachopungua. Hewa ikibaki ndani, gari litachemsha wiki hiyo hiyo na lawama itaiangukia themostati. Mfuniko wa rejeta wenye mpira uliokauka ubadilishwe hapo hapo.

Oil: injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, gredi ya 5W-30 inafaa. Galoni ya oil ni ya lita 4, na mafundi wengi huimimina yote. Usikubali, oil ikizidi inapigwa na kranki (shafti inayozunguka chini ya injini) mpaka inatoa povu. Mwaga kila kilomita 5,000. Injini za umri huu hula oil kimyakimya, hivyo binti apime kwa kijiti kila baada ya wiki mbili. Na mtu akikudai hela ya mkanda wa taimingi, mwambie injini hii ina cheni, si mkanda.

Giaboksi ni ya oto na inataka oil ya giaboksi aina ya T-IV, si oil yoyote nyekundu ya dukani. Matairi usiyaangalie kashata (meno ya tairi) tu: tafuta tarakimu nne ubavuni. 2315 maana yake wiki ya 23, mwaka 2015, na tairi hilo limezeeka, litoke hata kama linang'aa.

Sasa binti mwenyewe. IST nyingi hazina mshale wa joto, zina taa mbili tu: ya bluu injini ikiwa baridi, nyekundu ikichemsha. Dereva mgeni huiona nyekundu na kusema "nifike tu nyumbani", na silinda hedi (kichwa cha injini) ya aluminiamu inapinda njiani. Mfundishe hivi: nyekundu ikiwaka, zima AC, fungulia hita mpaka mwisho ili ivute joto la injini, huku ukitafuta pa kuegesha, simama, zima injini. Mfuniko wa rejeta usiguswe kwa nusu saa, na maji ya baridi yasimwagiwe injini ya moto hata wapita njia wakisisitiza.

Kabla ya kununua hiyo themostati, kuna jambo moja la kukagua. Fungua mfuniko wa oil. Ukikuta utando wa rangi ya chai ya maziwa, au rejeta inatoa mapovu injini ikiunguruma, huenda gasketi ya silinda hedi imeshakufa. Ikithibitika, hedi ishushwe na ipelekwe kupimwa unyoofu kwa mchonga vyuma, maana gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda haidumu.