Nyumba ya Wazazi na Fedha za Kustaafu: Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu mhariri, nimestaafu ualimu na ninatamani kurudi katika nyumba waliyotuachia wazazi wetu, mimi nikiwa mkubwa kati ya watoto wanne. Ni nyumba ya mawe iliyojengwa kwa chokaa. Ukuta wa sebuleni una unyevu hadi usawa wa kiuno, lipu inamomonyoka, mabati yameshika kutu, na nyaya za umeme ni zile zile za tangu utoto wetu. Fundi amenishauri nibandue lipu yote nipige saruji nzito. Mwanangu anasema nivunje nijenge upya. Nahofia kiinua mgongo kitaisha kabla sijahamia. Nianzie wapi? — Mwalimu mstaafu

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Kabla ya kumwita fundi yeyote, fahamu kwanza nyumba hiyo ni ya nani kisheria. Ikiwa hati bado ina jina la marehemu mzazi wenu na mirathi haijakamilishwa, kila senti utakayotumia itakuwa imeingia katika mali ya watu wanne. Kaeni kikao, muandike nani atakaa humo, nani atachangia nini, na gharama zako zitahesabiwaje iwapo siku moja nyumba itauzwa au kugawanywa. Wote wanne mtie saini sasa, wakati mnaelewana, kwa maana jambo hili likiachwa wazi litawaangukia watoto wenu, ambao hawakulelewa pamoja kama ninyi.

Kuhusu kuvunja, tunakusihi usifanye haraka. Ukuta wenye unyevu si lazima uwe ukuta mbovu. Kinachotakiwa ni kujua maji yanatoka wapi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauzidi sana mita moja, na mara nyingi huacha mstari wa chumvi nyeupe inayopukutika ukiipangusa kwa kidole. Unyevu unaoanzia karibu na dari mara nyingi hutoka kwenye paa, na doa moja lililojitenga huenda likawa ni bomba linalovuja. Kwa maelezo yako, ukuta wako unaelekea kuwa wa aina ile ya kwanza.

Ndiyo maana ushauri wa saruji nzito tunaupinga bila kusita. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji kidogo kidogo na kuyatoa tena hewani kama mvuke. Ukiuziba kwa saruji, maji hayakomi kupanda, bali hukosa pa kutokea, yakazidi kwenda juu huku chumvi ikijikusanya nyuma ya lipu mpya hadi ibanduke vipande vipande, pengine pamoja na uso wa jiwe. Isitoshe, saruji ni ngumu kuliko ukuta ulio laini, kwa hiyo ukuta ukicheza kidogo, lipu hupasuka na nyufa hizo huingiza mvua. Rudisha lipu ya chokaa: kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi, ipigwe kwa tabaka nyembamba na kufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke upesi, kwa kuwa chokaa hukomaa polepole kwa kunywa kaboni dioksidi ya hewani.

Hata hivyo, lipu isitangulie. Anza na paa, ukague na kenchi kwa kuzichoma kwa bisibisi. Kwenye mbao iliyoliwa na mchwa, bisibisi huingia bila ubishi. Kisha weka mifereji ya kupokea maji ya paa, na uchimbe udongo wa nje hadi uwe chini ya usawa wa sakafu kwa angalau milimita 150, ukielekeza mteremko mbali na nyumba. Baada ya hapo subiri. Kwa makadirio ya mafundi wa nyumba za kale, ukuta hukauka takriban milimita 25 kwa mwezi, hivyo ukuta wa milimita 450 unaweza kuhitaji mwaka mmoja na nusu. Mnaweza kukaa vyumba vikavu wakati huo.

Nyaya zibadilishwe zote kabla ya lipu, pamoja na waya wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, na swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampia 30. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo zisikwanguliwe kavu, na wajukuu wasiwepo.

Tunalotamani sana usilisahau ni mwili wako wa miaka ishirini ijayo. Choo na chumba cha kulala viwe chini, mlango wa bafu uwe na upana wa sentimita 90, na vishikizo vya ukutani vitafutiwe pa kukazwa kabla vigae havijabandikwa.

Fedha za kuishi zitenge kwanza, usizichanganye na za ujenzi; na katika hizo za ujenzi, acha moja ya tano kwa kasoro ambazo hazionekani hadi ukuta ufunguliwe. Fundi mlipe kwa hatua iliyokamilika. Kabla ya kumkabidhi kazi yote, mwombe apige lipu ya chokaa kwenye mita moja ya mraba, muiache wiki kadhaa, ndipo mkubaliane bei ya nyumba nzima.