Barua kwa mwanangu: Benchi la kliniki ya macho

Tabora

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya mwisho nilikwenda kukaa chini ya mwembe ili mama yako asinione nikifuta miwani. Umeniuliza mambo mawili: kama mwaka ule ulipokuwa kidato cha pili, nilipoacha kuzungumza nanyi, nilikuwa na sonona, na utajuaje kama hali uliyo nayo sasa, ya kuamka saa tisa usiku na kushindwa kulala tena, ni uchovu wa kufunga hesabu za ofisi au ni ugonjwa huo huo. La kwanza jibu lake ni ndiyo. Nilipaswa kukuambia kabla hujauliza, na nakuomba radhi kwa miaka yote uliyodhani kwamba nilikukasirikia kwa sababu ya matokeo yako ya mtihani.

Kwa la pili, nianze na mahali nilipokosea mimi. Niliamini kwamba mwenye sonona hulia, kwa kuwa jina lenyewe linatokana na kusononeka, na mimi sikulia hata siku moja. Baba yangu mdogo alipofariki, mwaka mmoja kabla ya hapo, nililia sana, lakini watani walipofika msibani wakaanza kuigiza mwendo wake na bakora yake, nilicheka mpaka nikashika mbavu. Ile ilikuwa huzuni, na mwenye huzuni bado huonja utamu wa chai. Kilichonipata baadaye kilikuwa kitu kingine kabisa. Karatasi za mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, mikondo mitatu, zilikaa juu ya kabati wiki tano bila kusahihishwa. Kila jioni nilizishusha, nikafungua kalamu nyekundu, nikasoma jibu la kwanza la mwanafunzi wa kwanza, kisha nikazirudisha zilipokuwa. Redio niliyokuwa nikisahihishia nayo miaka yote niliizima, na mlipouliza nikasema betri zimekwisha.

Halafu ulikuwapo ukali, ambao wewe unaukumbuka kuliko mimi. Wanaume wengi wa rika langu sonona yao hutokea kwa hasira au kwa pombe, na watu wakasema fulani siku hizi amebadilika tabia. Mwilini nilikuwa na maumivu ya kichwa, moyo kwenda mbio na tumbo kuwaka. Katika zahanati moja nilitibiwa malaria na taifodi mara nne ndani ya miezi sita, kisha nikaambiwa nina vidonda vya tumbo. Siwalaumu sana, maana nilichowaeleza ni kichwa na tumbo. Suala la kutolala na kuwaza sana sikulitaja, kwa kuwa niliona hayo si mambo ya kumwambia daktari. Wewe yataje. Nawe usikatae kupimwa damu, kwa sababu upungufu wa damu, au tezi ya shingoni isiyofanya kazi sawasawa, huweza kuleta uchovu unaofanana kabisa na sonona.

Aliyenishtua ni tabibu mmoja wa hospitali ya wilaya, kijana mpole, aliyeweka kando cheti changu cha vipimo na kunisomea maswali tisa. Kila swali lilihusu wiki mbili zilizopita: kukosa hamu ya kufanya mambo, kujisikia mnyonge au kukata tamaa, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutuliza akili, mwili kuwa mzito au kutotulia, na mwisho mawazo kwamba ni heri ungekuwa umekufa au ya kujidhuru. Jibu la "hata kidogo" ni sifuri, "siku kadhaa" ni moja, "zaidi ya nusu ya siku hizo" ni mbili, na "karibu kila siku" ni tatu, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27. Kuanzia 10 mtu anastahili kuangaliwa kwa makini. Mimi nilipata 19. Mwalimu wa hesabu hawezi kubishana na jumla aliyoijumlisha mwenyewe, ingawa tabibu alinieleza kwamba alama hizo humwonyesha mtaalamu pa kuanzia kuuliza na kwamba kwa zenyewe si hukumu ya ugonjwa. Yeye alitazama zaidi mambo matatu: kwamba hali imedumu wiki mbili au zaidi, kwamba kati ya dalili hizo imo ama huzuni ama kukosa hamu, na kwamba kazi na nyumba vimeanza kuharibika. Jipime kwa hayo, mwanangu, na ulijibu kwa ukweli swali la tisa. Mimi nililijibu "siku kadhaa", na hakuna aliyeshangaa wala kunikemea. Jibu lako likiwa lolote zaidi ya "hata kidogo", usisubiri miadi. Nipigie usiku huo huo, mwombe mtu alale nawe, na mwende hospitali kwenye kitengo cha dharura.

Unasema unaogopa wenzako ofisini watasema umepelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili. Najua jina hilo linavyotumika mitaani, utadhani si hospitali bali ni tusi. Mirembe iko Dodoma tangu enzi za Waingereza, inatibu watu, na wengi wenye sonona hawalazwi huko wala kwingineko. Huonwa kliniki na kurudi nyumbani. Hapo Mwanza, hospitali ya Bugando wana idara ya magonjwa ya akili. Aibu yenyewe naijua, maana siku yangu ya kwanza kliniki nilikaa kwenye benchi la wagonjwa wa macho, nikafunika uso kwa gazeti, mpaka nesi alipotoka mlango wa pili akaita jina langu kwa sauti ya kuita taksi. Mzee aliyekuwa pembeni yangu akaniambia, "Nenda, mwalimu, hata mimi nimekuja kwa huyo huyo."

Sasa, mwanasaikolojia, yaani huyo mtu wa kuzungumza naye, hufanya nini hasa? Nilitarajia mawaidha, na mawaidha nilikwisha kuyapata ya kutosha. Hata imamu wetu, ambaye nilimwendea kwanza, aliniombea dua kisha akaniambia hospitali nayo ni sehemu ya kumtegemea Mungu. Mwanasaikolojia hakunipa nasaha. Alinipa kazi ya nyumbani. Niliagizwa niandike kwenye kaunta buku kila saa nilichokifanya, na mbele yake niweke alama ya raha niliyoipata, kuanzia sifuri hadi kumi. Nilirudi wiki iliyofuata na kurasa za sifuri, isipokuwa Alhamisi jioni, nilipomwagilia mchicha, palipokuwa na tatu. Alilitazama lile tatu kwa muda mrefu, akasema, "Basi wiki hii tunaanzia kwenye mchicha." Nilimwona mtoto asiye na adabu. Lakini ndivyo tulivyokwenda: kufanya kwanza, kwa kipimo kidogo, bila kungoja hamu irudi, kisha kuchukua wazo kama "nimewaangusha watoto wangu" na kulidai ushahidi wa pande zote mbili, kama ninavyomdai mwanafunzi aonyeshe njia. Vikao vilikuwa kumi na viwili, na vitatu vya mwanzo nilitoka nikiwa nimechoka kuliko nilivyoingia.

Dawa pia nilipewa, fluoksetini, kidonge kimoja asubuhi. Si kila mtu huihitaji; hilo aliamue daktari. Huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na mimi nilipojisikia nafuu mwezi wa pili niliacha kimyakimya, nikaanguka tena kabla ya Ramadhani. Kwa kawaida mtu huendelea nayo walau miezi sita baada ya kupona, na huachwa pole pole kwa maelekezo ya daktari.

Siku hizi wanaojiita washauri ni wengi, hata kwenye simu. Muulize huyo utakayemwendea amesomea nini, anatumia njia gani, na siri yako itavunjwa katika hali zipi. Mtaalamu wa kweli hukwambia bila kuulizwa kwamba maisha yakiwa hatarini hatanyamaza. Ukiona baada ya vikao vitatu au vinne hamwelewani, mwambie, au badilisha mtu.

Nimezungumza na mama yako. Niandikie siku utakayopangiwa, nami nitapanda basi siku moja kabla. Chumbani kwa daktari utaingia peke yako, hayo si yangu kuyasikia, lakini nje nitakaa kwenye benchi la kliniki yenyewe, na gazeti nitaliacha Tabora.

Baba yako