Faiba imenichukulia kazi, sasa imenichukulia mwana

*Shangazi, mimi ni fundi wa mashua Matondoni, Lamu, nina miaka 59. Mwaka huu sijalaza mkuku, ule uti wa chini wa mashua, hata mmoja. Watu wanataka boti za faiba, zile za nyuzi za kioo na gundi. Nabaki kuzibia majirani mashua zao kwa pesa ya chai. Mwanangu niliyemfundisha amekwenda Mombasa kuunda faiba hizo hizo. Miezi minne sipokei simu zake. Nafikiria kuuza zana za marehemu baba.*

Kaka yangu, uchungu wako una haki. Mtu aliyepima mataruma, mbavu za mashua, kwa jicho tangu utotoni, bila mchoro, halafu ufuo ukanyamaza, atakosaje kulia? Wala mashua yako haijashindwa kuelea. Mbao zimekuwa ghali, marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 ikawabana mafundi, na wenye vyombo wamechoka na kalafati, kuziba nyufa za mbao kila mara.

Ila kwa mwanao umekosea. Faiba haina umbo lake yenyewe. Zile nyuzi za kioo na gundi yake hulazwa kwenye kalibu, lile ganda linaloipa boti umbo, na kalibu hutolewa kwenye chombo cha mfano, ambacho mara nyingi huchongwa kwa mbao. Mfano ukipinda, boti zote zitakazotoka humo zimepinda. Kosa hilo huonwa mapema na mwenye jicho, na jicho la kijana huyo umemfungua wewe. Hapo hapo Lamu, mafundi wakiongozwa na Ali Skanda waliunda jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki, wakalivika ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likafika Zanzibar. Plastiki ile ilichongwa kwa ujuzi wa mbao.

Mpigie wewe, leo. Usianze na lawama wala kazi. Mwulize anakula wapi, analala wapi. Siku nyingine ndipo umwulize kalibu yao ilitoka wapi, na kama karakana ina haja na mchongaji wa mfano. Huenda ikawa haina. Basi zipo mashua za mashindano na za kutembeza wageni, nazo ni za mbao na zinavuja. Zitoze bei ya fundi. Hiyo pesa ya chai unajidhulumu, kaka, na majirani wanajua.

Zana za baba usiziuze kabla hamjaonana. Pengine kijana alizitaka alipoondoka, akaona haya kuziomba.