Barua kwa mwanangu: muulize yuko chaneli ngapi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, na mara ya pili ilibidi nimzimie mjomba wako redio. Unauliza hivi: kwenye send-off ya Jumamosi kamati imemwongeza yule mpiga picha mkubwa, mwenye kamera mbili za kisasa, lenzi ndefu nyeupe, taa tatu za stendi na msaidizi wa kuzibeba. Je, ukakodi kamera kubwa nawe, usionekane umekuja na kitoto?

Nitafika huko. Kwanza niambie jambo ambalo hukulisema: taa zake ni Godox?

Nauliza kwa sababu flashi yako ni Godox. Ile TT600 na triga yake, kile kidude cha juu ya kamera cha kuiwashia, zinaongea kwa mawimbi ya redio, na chaneli ziko 32, tulizihesabu pamoja barazani siku ile ulipoileta na kile kitabu chake cha maandishi ya mchwa. Watu wengi wanaitoa kwenye boksi ikiwa chaneli ya kwanza, wanaiacha hapo mpaka inazeeka. Mkiwa wawili chaneli moja ndani ya ukumbi mmoja, ukibonyeza wewe taa zake zinawaka, akibonyeza yeye yako inawaka kule kwenye kona ulikoisimamisha, na betri zinakwisha kabla ya keki. Kila mmoja atadhani kifaa chake kimeharibika. Na ukiiacha kwenye S1 ni vibaya zaidi, maana hapo haisikilizi chaneli yoyote, inashtuka tu kila ionapo flashi ya mtu, hata ya kamera ndogo ya shangazi aliyekaa meza ya mbele.

Unajua kwa nini naanzia hapa? Hapana, hujui, kwa sababu hatukuwahi kukwambia.

Ile picha ya bibi yako anacheka, iliyo ukutani chumbani kwake, ile ambayo kila mgeni huuliza imepigwa studio gani. Haikupigwa studio. Aliipiga marehemu baba yako kwenye harusi ya shangazi yako mdogo, mwaka 1986, kwa ileile Yashica Mat unayoijua, ya kutazama kwa juu. Lakini mwanga uliomo haukuwa wa baba yako.

Upande wa bwana harusi nao walileta mpiga picha wao, mtu mzima, mwenye jina mjini. Alisimamisha taa mbili, moja kila upande wa jukwaa, na kila moja ilikuwa na kijicho cha kushtukia mwanga. Hapakuwa na redio wala chaneli enzi hizo. Kijicho kikiona flashi imewaka, nacho kinawasha taa yake, na hakiulizi flashi ni ya nani. Baba yako hakulijua hilo. Alikuwa na flashi moja ya pembeni, akahesabu kwa kichwa kama kawaida yake: filamu ya 125, mita nne, tundu la lenzi f/8. Akapiga. Ukumbi mzima ukawaka kama radi. Akafurahi, akidhani bahati yake imefunguka. Akapiga tena, na tena, hadi ya saba.

Ya nane hakuipiga. Yule mzee alikuwa amebonyeza wakati wa pete, na taa zake zilikuwa bado zinajijaza baada ya baba yako kuziwasha. Zile za zamani zilihitaji sekunde sita, saba, nane hivi. Akapata flashi yake ya mkononi tu, jukwaa nyuma jeusi. Akageuka akamwambia baba yako, mbele ya wazee, mbele ya wakwe, azime kitochi chake.

Baba yako akazima. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la visheti, nikauona mkono wake ukizungusha ile swichi. Akamaliza harusi nzima bila flashi. Filamu ya 125, balbu za ukumbi, tundu limefunguliwa mpaka f/3.5, shata moja ya kumi na tano ya sekunde, kamera imeegemea tumbo. Unajua mwenyewe kinachotokea hapo: anayecheza anakuwa moshi, na anayesimama tuli anapatikana kama umebahatisha masafa.

Nyumbani alisema filamu ilikuwa ya zamani, imeharibika. Lakini aliyesafisha ni mimi. Nilikuwa na barafu ya jirani kwenye karai kuishusha dawa hadi nyuzi 20, na negativu zilipotoka nilizinyoosha dirishani nikasoma kila kitu. Saba za mwanzo nzito, nyeusi, zimekula mwanga kupita kiasi, hatua mbili hivi. Zilizofuata nyepesi kama kioo. Filamu ileile, dawa ileile, beseni lileile. Filamu haiharibiki kuanzia picha ya nane.

Zile saba nikazichapa kwa subira, sekunde 40 badala ya 12. Ndipo uso wa bibi yako ukatokea kwenye trei, shavu moja limeng'aa, jingine lina kivuli chake laini, na nywele zimepata ukingo wa mwanga kwa nyuma. Flashi moja ya pembeni haiwezi kufanya hivyo, hata uizungushe vipi. Zile nyingine nilizichapa kwenye karatasi namba nne, ngumu kuliko zote tulizokuwa nazo, na bado watu walikuwa rangi ya majivu.

Nami tangu siku hiyo nasema, na umenisikia mpaka umechoka: mwanga hauna mwenyewe. Ukishatoka kwenye taa umetoka.

Ila juzi, baada ya ujumbe wako, nimekaa nikaanza kupiga hesabu upande wa yule mzee. Betri zilikuwa zake. Taa zilikuwa zake, na 1986 kuipata taa kama ile si jambo la kwenda dukani. Mara saba ziliwaka bure, na picha ya pete ikampotea, na picha ya pete hairudiwi. Mimi ningefanya nini? Ningepiga kelele pia, pengine zaidi. Mwanga hauna mwenyewe, sawa, lakini betri inaye. Halafu nakumbuka ule mkono wa baba yako kwenye swichi na hesabu yote inaniruka. Angeweza kumvuta pembeni. Sentensi moja tu: piga wewe, hesabu mpaka kumi, nipige mimi. Wote wawili wangekuwa na taa tatu.

Ndiyo maana nasema, mpigie yule mtu kabla ya Jumamosi. Namba kamati wanayo. Usianze kwa kumsifia vifaa, atakuona mtoto, wala usianze kwa kujitetea. Muulize chaneli. Ni swali la fundi kwa fundi, na humlazimisha ajibu kama fundi. Akisema ya kwanza, wewe nenda ya ishirini na kitu, triga na flashi zote mbili, kisha ujaribu kabla wageni hawajaingia.

Mkishazoeana, muulize atasimama wapi wakati wa keki. Lenzi yake ndefu itamweka nyuma, katikati ya njia, mita nane au kumi. Wewe na lenzi yako fupi ya 35 utakuwa karibu, kwa hiyo ni mgongo wako utakaoharibu picha yake. Kaa pembeni, piga magoti, utapata mikono na kisu na nyuso, vitu ambavyo kutoka kule nyuma havipatikani vizuri. Na kwenye picha za familia msipige wakati mmoja. Watu ishirini mbele ya kamera mbili, nusu wanatazama huku, nusu kule, nyote mmekosa. Mwache awapange, apige zake, halafu sema kwa sauti, "Na huku tafadhali," piga mbili tatu, toka. Huyo mtu amefanya kazi hii miaka mingi, hilo sikatai. Itazame miguu yake. Ukiona anasogea kabla MC hajafungua mdomo, sogea na wewe, kuna jambo linakuja.

Ukumbi wenyewe ndio wa kuogopa. Zile taa za rangi za ukutani, nyingi ni za bei nafuu, na umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukipandisha shata hadi 1/500 utapata michirizi, au nusu ya uso zambarau na nusu kijani, na hakuna wa kuisafisha. Kaa kwenye 1/100. Dari nalo usiligeuzie flashi kwa mazoea. Wapambaji wakilifunika kwa kitambaa cha waridi, mwanga unarudi waridi na bibi harusi anakuwa mgonjwa. Tafuta ukuta mweupe, au weka kile kikadi cheupe cha kuvuta juu ya flashi. Usiiweke nguvu kamili, itakuwa inajijaza huku ndafu inapita. ISO 1600, f/2.8, nguvu moja ya nane au ya kumi na sita, ibaki na pumzi. Betri 12, nne nne, kila seti na mpira wake wa rangi, usichanganye iliyotumika na mpya. Na ile nafasi ya pili ya kadi kwenye kamera yako, Nikon D7200, iweke inakili. Wewe ulitaka kuijazia picha nyingi tu, tuligombana kwa hilo, sirudii.

Sasa kamera ya kukodi. Nilijiapiza nisikuamulie. Wewe ndiye unayelipwa, jina ni lako. Upo upande mmoja wa moyo wangu unaosema kodi, maana mtu akijisikia mdogo mkono wake unatetemeka, na mkono ukitetemeka hata 1/100 haitoshi. Halafu upande mwingine unaniambia kamera ya mtu uliyoichukua Ijumaa jioni utaitafutia kitufe Jumamosi saa mbili usiku, gizani, wakati bibi harusi anaingia. Isipokuwa Nikon, lenzi zako haziingii humo, betri zako haziingii, na saa yake usipoilinganisha na ya kamera yako, picha zote zitachanganyika, pete baada ya keki.

Kama ni lazima kitu kikodiwe, lenzi ni afadhali, ya 70-200 inayokaa kwenye Nikon yako. Kwa kamera yako itavuta kama 105 hadi 300. Ina uzito wa kilo moja na nusu, mkono utakuuma. Hapo nimeishia. Nilisema sitaamua na bado sijaamua, japo unanijua.

Mpigie leo. Akishakujibu niandikie alisema chaneli ngapi. Akikujibu vibaya niandikie pia.

Mama yako,
Tanga