Kabla hujapiga Proxmox upya, angalia kadi yako inagawana IRQ na nani

Juzi kijana mmoja wa Arusha kaniandikia: "Kaka, habari za majukumu. Kadi ya simu inagoma kuingia kwenye mashine pepe. Nimeshapiga Proxmox upya mara tatu, bosi kaanza kuninunia." Proxmox ni mfumo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya kompyuta moja, na IRQ ni namba ya mstari ambao kifaa hutumia kumwita prosesa. Niliusoma ujumbe ule mara mbili, maana miaka kadhaa nyuma ningeuandika mimi.

Ilikuwa hoteli moja kaskazini mwa Unguja. Simu zao zilikuwa zinaendeshwa na Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, kwenye kompyuta ya zamani, ndani yake kadi ya PCI yenye matundu manne ya laini za nje. Mimi ndiye niliyewashawishi wanunue mashine moja yenye nguvu, simu na mfumo wa mapokezi vikae humo kama mashine pepe, na kadi ipitishwe moja kwa moja kwa mashine pepe ya simu. Nilikuwa nimeshafanya hivyo kwa kadi za mtandao nikafanikiwa, nikajiona nimeiva. Jioni nikazima seva ya zamani, nikahamisha kadi, nikawasha. Mashine pepe ikakataa: "Device or resource busy." Basi, hakuna zaidi.

Nikabadilisha keneli, kiini cha Linux. Nikaingia BIOS, mipangilio ya mazabodi, nikazima VT-d inayoruhusu kupitisha kadi, nikaiwasha tena. Nikapiga Proxmox upya saa nne usiku, na mara nyingine saa nane. Kulipokucha simu za vyumbani zilikuwa zimekufa zote, wageni wanateremka wenyewe mapokezi kuomba teksi. Meneja akanisemea mbele ya wahudumu: "Tulikuwa na simu. Umekuja wewe, hatuna simu." Nikarudisha kadi kwenye mashine ya zamani, nikapanda boti ya mchana na nusu ya malipo. Maneno yale yananiuma mpaka leo.

Nilipofika Dar nikanunua kadi iliyotumika ya aina ileile, nikaipachika kwenye mashine yangu. Kosa likajirudia. Safari hii nikatulia, nikasoma dmesg, yaani logi ya keneli, ya hosti, mashine inayobeba zile pepe, mstari kwa mstari. Jibu lilikuwepo: "genirq: Flags mismatch irq 16." Upande mmoja vfio-intx ya VFIO, sehemu ya keneli inayopitisha kadi kwa mashine pepe, yenye 00000000, upande wa pili ehci_hcd:usb1 yenye 00000080. Ile 80 maana yake dreva, programu inayoendesha kifaa, amekubali kugawana. Ile sifuri maana yake anataka IRQ iwe yake peke yake. Kadi yangu ilikuwa inagombea IRQ 16 na USB ya kibodi!

Lakini mbona kwenye kompyuta ya kawaida kadi hizi zinafanya kazi miaka na miaka? Kadi za PCI za zamani huita prosesa kwa waya, INTA hadi INTD, na mazabodi huunganisha vifaa kadhaa kwenye namba moja. Dreva wa kawaida wanavumiliana: intarapti, yaani mwito wa kifaa, ikija, kila mmoja anakagua kifaa chake kama ndicho kilichoita. VFIO haiijui kadi hiyo. Inachoweza ni kuinyamazisha tu mpaka mashine pepe iihudumie. Biti ya kukinyamazisha kifaa chenyewe ililetwa na PCI 2.3, na kadi yangu haikuwa nayo. Inabaki kuziba waya mzima, na ukiuziba, USB nayo inakuwa bubu. Ndiyo maana VFIO inataka waya usio na mwenzake, na keneli inakataa. Kupiga Proxmox upya hakugusi chochote hapo.

Kwa hiyo anza na cat /proc/interrupts kwenye hosti, kadi ikiwa bado inatumia dreva yake ya kawaida. Ukiona majina mawili kwenye mstari mmoja, umempata mgomvi. Hamisha kadi sloti nyingine. Yangu ilitoka 05:00.0 ikawa 05:01.0, IRQ ikawa 17, peke yake, na mashine pepe ikawaka. Kumbuka kubadilisha anwani kwenye hostpci0, mstari wa kadi katika mipangilio ya mashine pepe. Kama sloti ni moja tu, zima kwenye BIOS vifaa usivyovitumia, au mtoe jirani kwenye dreva yake kupitia faili ya unbind iliyoko /sys/bus/pci/drivers. Ingia kwa SSH kwanza, usije ukaizima kibodi yako mwenyewe. Ukikutana na "nobody cared", ujue intarapti 99,900 kati ya 100,000 zimepita bila mwenyewe na keneli imeufunga mstari. Ni ugomvi uleule, rudi kwenye /proc/interrupts. Na kama bado hujanunua, nunua kadi ya PCI Express inayotumia MSI. Hiyo huandika ujumbe kwenye memori, haina waya wa kugombea.

Wadogo zangu, tumezoea kupiga upya kila kitu kwa sababu mteja akituona tunainstall anaamini tunafanya kazi, na akituona tunasoma logi anadhani tumekwama. Soma logi hata kama meneja amesimama mgongoni. Mwambie akupe nusu saa. Mimi sikuthubutu kumwomba, nikakesha.

Yule kijana nilimwomba mistari ya /proc/interrupts tu. Kadi yake ilikuwa inagawana IRQ na kidhibiti cha sauti cha mazabodi, kwenye seva isiyo na hata spika. Amekizima kwenye BIOS, na jana jioni kanipigia kupitia laini ya ofisini kwao.