Maswali Yenu: Safari Ndefu ya Umisheni na Siku za Kwanza Ugenini

SWALI: Bwana asifiwe. Timu yetu ya watu 12 inakwenda umisheni wa wiki mbili. Ni ndege mbili, kisha basi kwa muda wa saa 6. Kule wako mbele yetu kwa saa 7. Tutafika Jumamosi saa 3 usiku, na wenyeji wametupangia kuhubiri Jumapili saa 4 asubuhi. Tukubali?
*Kiongozi wa timu*

JIBU: Asifiwe milele. Kubalini kuhudhuria, msikubali kuhubiri. Ikigonga saa 4 asubuhi kule, saa ya mwili wenu bado inasoma saa 9 usiku, na kati ya saa hiyo na saa 11 alfajiri ndipo akili huwa nzito kuliko wakati wowote. Mhubiri atapoteza mstari, mkalimani atamsubiri, na waumini watadhani hakujiandaa. Mwandikieni mchungaji mwenyeji mapema, kabla ratiba haijatangazwa kanisani, mkiomba ahubiri yeye. Ninyi toeni salamu za dakika 5 na wimbo mmoja. Hakuna atakayewadharau kwa hilo.

Mwili hujirekebisha kwa takribani saa moja kwa siku, na kwenda upande wa mashariki ni kugumu zaidi kwa kuwa mnaulazimisha kulala kabla ya wakati wake. Kwa hiyo saa 7 ni kama wiki nzima. Kinachoharakisha ni mwanga, ila uje kwa wakati unaofaa. Kwa tofauti yenu, jua kali la asubuhi siku ya kwanza linaisukuma saa ya mwili kinyume na mnakotaka iende. Vaeni miwani ya jua na kofia mpaka saa 6 mchana, halafu alasiri tokeni nje mtembee. Kesho yake anzeni kutoka saa 5, keshokutwa saa 4, na kuendelea hivyo. Mkielemewa mchana, laleni dakika 20 hadi 30 kabla ya saa 9 alasiri, na wekeni kengele, maana atakayelala kwa muda wa saa tatu atakesha usiku kucha. Kahawa ikome saa 8 mchana.

Siku mbili za kwanza ziwe za kazi za mikono na mazungumzo: kupanga vifaa, kutembelea majirani wa kanisa, kujifunza salamu. Mahubiri yaanze siku ya tatu au ya nne, tena jioni, wakati mwili wenu bado ni mchana. Na mkumbuke kuwa mahubiri ya dakika 40 yakipita kwa mkalimani yanakuwa ya dakika 80. Andaeni ya dakika 20, sentensi fupi, na mkae na mkalimani siku moja kabla mkiwa na mistari ya Biblia mkononi. Utani uachwe nyumbani. Mara nyingi haufiki ng'ambo ya pili.

Hilo basi la kufika usiku nalo halinipendezi. Kama bajeti inaruhusu, laleni karibu na uwanja wa ndege na msafiri kukicha, hata kama ibada ya Jumapili asubuhi itawapita.

SWALI: Nina miaka 58. Nikisafiri kwa ndege miguu huvimba. Je, ni hatari?
*Mama wa maombi*

JIBU: Miguu yote miwili kuvimba kidogo na kupungua baada ya siku moja au mbili ni kawaida, mama, ni matokeo ya kukaa. Hofu ni damu kuganda ndani ya mishipa ya mguu, na hatari hiyo huongezeka safari ikizidi saa 4. Omba kiti cha pembeni mwa njia, simama kila baada ya saa moja au mbili, na ukiwa umekaa inua visigino mara 20, kisha vidole mara 20. Usiweke begi chini ya kiti cha mbele mahali pa miguu yako. Kama umewahi kuganda damu, umefanyiwa upasuaji karibuni, una saratani au unatumia dawa za homoni, muone daktari kabla ya safari akuambie kama unahitaji soksi za kubana. Mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, nenda hospitali. Ukipata maumivu ya kifua au pumzi ikikata, nenda saa hiyo hiyo, hata kama ibada inaendelea.

SWALI: Tumeambiwa tujaze "utalii" kwenye fomu za uhamiaji ili tusisumbuliwe. Ni sawa?

JIBU: Si sawa. Nchi nyingi huhesabu kuhubiri, kufundisha na hata kujitolea kuwa shughuli yenye kibali chake, na anayekamatwa na uongo hurudishwa na ndege, huku kanisa lililomwalika likibaki na kesi. Ulizeni ubalozi kwa maandishi. Kila mmoja abebe barua yake ya mwaliko, yenye anwani na simu ya mwenyeji, pamoja na tiketi ya kurudi. Barua zote zikiwa kwenye begi la kiongozi, na kiongozi yuko foleni nyingine, hazimsaidii mtu.

SWALI: Mizigo yetu iliwahi kubaki njiani. Tufanyeje safari hii?

JIBU: Mkikabidhi mizigo, someni herufi tatu kwenye stika: ziwe za uwanja wa mwisho, si wa kati. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali ndizo huleta balaa hili, kwani mara nyingi mtatakiwa kuchukua mzigo na kuukabidhi upya. Vifaa vya huduma vigawanywe: vitabu vya watoto visikae vyote sanduku moja. Dawa, nguo za siku moja na betri za akiba za simu vikae begi la mkononi. Betri hizo haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini. Mzigo usipotokea, msitoke uwanjani kabla ya kuandikisha ripoti na kupewa namba yake.

SWALI: Siku ya pili nusu ya timu huharisha. Dawa ni nini?

JIBU: Kwanza maji. Chanzo cha shida mara nyingi ni barafu, kachumbari, au mswaki uliosuuzwa kwa maji ya bomba. Chemsheni mpaka yatokote kwa dakika 1, na dakika 3 mkiwa zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyekwisha kuugua apewe ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji ili kurudisha maji mwilini. Pakiti zisipokuwepo, lita 1 ya maji safi, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kufuta, anywe kidogo kidogo. Chumvi isizidi, inadhuru. Akiona damu kwenye choo, au akipata homa kali, asisubiri kuombewa tu: apelekwe hospitali, na mwombezi aende naye.